Kikapu cha mkate kwa samaki wa nyuzi nne

Perege akitiwa kwenye maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hana siku nyingi. Chabu, samaki wa mito ya Ulaya aliye na undugu na ningu wa Ziwa Victoria, bado anakula maji yakiwa nyuzi 4. Anakula kidogo, kwa nafasi, wala hasogei mbali kukifuata chakula. Wavuvi wa mshipi wa Uingereza wamejenga mbinu nzima juu ya hicho kidogo, na mbinu yenyewe inaanza na kujua samaki amekaa wapi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu ya fizikia waliyoisoma nusu. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo bwawa likianza kuganda juu, maji ya chini huwa na joto zaidi kidogo kuliko ya juu. Kweli kabisa, kwa bwawa. Mto unaotiririka hujikoroga wenyewe, na ukiteremsha kipimajoto kutoka juu hadi chini tofauti huwa ndogo mno. Chabu anayejificha penye kina hakufuata joto, amefuata utulivu. Mwili wake umepoa sawa na maji, uyeyushaji wa chakula umekuwa wa taratibu, na kila dakika ya kupambana na mkondo inamgharimu nguvu asizoweza kuzirudisha haraka. Hewa si tatizo: maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto. Basi mtafute kwenye mshono, pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyolala, au chini ya mwerebi ulioinamia mto na kunasa takataka.

Chambo ni mkate mweupe wa dukani. Vipande vikavu, bila maganda, husagwa kwa blenda hadi viwe chengachenga, bila tone la maji. Chenga hizo hujazwa kwenye kikapu kidogo cha waya chenye risasi ubavuni, kinachofanya kazi ya chubwi. Ncha zake mbili hubanwa kwa kidole, katikati huachwa huru. Ukibana sana, mkate unabaki ndani kama tofali. Ukibana kidogo, unamwagika hewani kabla haujagusa maji. Ukipatia, kikapu kinafika chini, chenga zinafumuka na kuchukuliwa na mkondo hadi kwa samaki. Zina harufu, lakini hazishibishi. Kwenye ndoana, namba 8 au 10, hukunjwa kipande cha mkate mpya na kubanwa shingoni tu. Kingo huachwa laini ili zivimbe majini.

Kiasi ndicho kinachopambanua mvuvi wa baridi na wa kiangazi. Kwangu mimi, kurusha vikapu viwili vitatu vya mwanzo kunatosha kutandika meza. Baada ya hapo ni kusubiri. Nusu saa ikipita kimya, hama. Samaki huyu haji, anafuatwa.

Chubwi nayo hupimwa kwa makini: uzito uwe ule unaokaribia kushindwa na mkondo. Chabu akiinua mkate, kikapu kinang'oka mahali pake, na ncha laini ya ufito, iliyokuwa imepinda taratibu, inaruka. Risasi nzito ingeificha ishara hiyo kabisa.

Sasa kipimajoto. Namba yenyewe ina maana ndogo kuliko mwelekeo wake. Mto uliopanda kutoka nyuzi 4 hadi 6, baada ya siku mbili za upepo wa kusini-magharibi na mvua ya Atlantiki, unavulika vizuri. Ulioshuka kutoka 9 hadi hiyo hiyo 6 unaweza kuwa mtupu. Mbaya kuliko yote ni theluji inayoyeyuka: jua limetoka, mvuvi ana furaha, kumbe mto unapokea maji ya karibu nyuzi sifuri. Wapo wanaoilaumu chumvi inayomwagwa barabarani. Naona baridi peke yake inatosha kueleza. Jioni ndiyo saa bora, maana mwanga hafifu humpa chabu ujasiri wa kutoka mafichoni, hasa maji yakiwa maangavu.

Mito ya chokaa ya Hampshire, kama Test na Itchen, ina hesabu yake. Chemchemi zake hutoka ardhini zikiwa karibu nyuzi 10 mwaka mzima, na huko samaki aitwaye greilingi hula hata asubuhi ya barafu.

Kwa mito mingi ya Uingereza dirisha hili la uvuvi wa baridi hufungwa na sheria: kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni samaki kama chabu hawavuliwi mtoni. Ndiyo maana wiki za mwisho za Februari na za mwanzo za Machi hugombewa. Chabu jike anakuwa tayari amebeba mayai atakayotaga maji yakishapata joto, na ndipo uzito wake unapokuwa wa juu.