Handaki, Mtaro na Shimo: Juu ya Neno Moja katika 2 Wafalme

Neno la Kiingereza "ditch" humtatiza mwalimu, kwa kuwa Kiswahili hutaja kilichochimbwa kwa kazi yake, si kwa umbo lake tu. Handaki ni la vita na boma. Jina lake limetoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi; ndilo lililochimbwa Madina mwaka 627 kuwazuia Makureshi. Mfereji huleta maji yatakiwayo, hata Unguja bomba lenyewe huitwa mfereji. Mtaro huyaondoa yasiyotakiwa. Korongo limekatwa na mvua pasipo mkono wa mtu. Shimo ni jina la jumla, nalo halina mwendo: kiingiacho hukaa.

Atakaye kuyapima haya na aende Kariakoo wakati wa masika. Mwenye duka aliyeingiliwa na maji hulalamika kwamba mtaro umeziba. Hasemi handaki, wala hasemi shimo.

Sasa tuitazame Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "ditch" katika Mathayo 15:14 na katika 2 Wafalme 3:16 pia. Katika Mathayo wafasiri wetu wameandika shimo, nao wamefanya vema, maana ndiyo maana ya Kiyunani. Katika Wafalme wameandika mahandaki, na hapo hatukubaliani nao. Wafalme watatu wamo safarini kupigana na Moabu, na jeshi lina kiu. Msikilizaji wa mjini asikiapo mahandaki hudhani askari wameamriwa kujificha, na mwujiza wampita. Wala mitaro haifai: maji ya mtaro wa Kariakoo hayanywi, nayo hukimbilia bonde la Msimbazi.

Neno lile lile la Kiebrania limo katika Yeremia 14:3, nalo lataja mahali watu waendapo kuteka maji. Basi twapendekeza "mashimo ya kukingia maji". Kukinga kwafaa, kwa kuwa mtu hukinga chombo chake kabla ya kuyaona maji. Ndivyo walivyoamriwa wale: wachimbe kwanza, ingawa hawataona upepo wala mvua. Fundisho zima la imani limo katika kuchimba huko. Mpaka tafsiri irekebishwe, mwalimu asilisome neno mahandaki mbele ya watu bila kulieleza.