Fani Moja, Imani Mbili: Picha za Kambi za Sala za Lagos

Mpiga picha Akintunde Akinleye wa Nigeria alipata sifa ya kimataifa mwaka 2007, alipotunzwa na World Press Photo kwa picha ya mlipuko wa bomba la mafuta uliotokea Lagos mwaka uliotangulia. Kazi inayohakikiwa hapa ni ya utulivu zaidi: insha ya picha aliyoitoa mwaka 2015 katika jarida la Material Religion, pamoja na mwanaanthropolojia Marloes Janson. Maudhui yake ni kambi za sala kando ya barabara kuu itokayo Lagos kwenda Ibadan. Huko iko kambi ya Redeemed Christian Church of God, kanisa lililoanzishwa mwaka 1952. Iko pia kambi ya NASFAT, jumuiya ya Waislamu iliyoanzishwa mwaka 1995.

Mtazamaji wa picha za namna hii huwa mwepesi wa kutamka kwamba watu hawa ni ndugu, na kwamba Mungu wao ni mmoja. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. NASFAT hukutanisha wafuasi wake Jumapili asubuhi, si kwa kuwa Jumapili ina utukufu katika Uislamu, bali kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu hawaendi kazini, na ndiyo siku ambayo makanisa yalikuwa yakiwavuta vijana wa Kiislamu. Kwa hiyo kufanana huku kumezaliwa na ushindani. Jirani ameazima fani ya jirani ili asinyang'anywe watu wake. Hapana shaka kwamba kuazima nako ni namna ya kujuana, lakini si suluhu, na mhakiki asiite suluhu.

Ila kuna ushirika mwingine, wa kale zaidi, ambao kamera haina uwezo wa kuuonyesha, nao umo katika lugha. Kwa Kiyoruba, Mwislamu na Mkristo wote wawili husema àdúrà wanapotaja maombi. Neno hilo ni la asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa dua yetu. Mhubiri wa dini yoyote hufanya wàásù, neno lenye shina moja na mawaidha. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyewekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana mwaka 1864, alipoongoza kazi ya kuitafsiri Biblia, maneno haya aliyakuta yamekwisha kukaa vinywani mwa watu, akayatumia. Hata kuhani wa Agano la Kale akaitwa àlùfáà, jina walilokuwa wakiitwa wanazuoni wa Kiislamu. Sisi hatukufika huko: imani, sadaka na malaika tunavyo kwa pamoja, lakini shehe amebaki shehe na padri amebaki padri.

Basi ubora wa picha hizi, na udhaifu wake pia, umo katika ukimya wake. Mikono iliyoinuliwa haisemi imeinuliwa kwa jina la nani. Yaandikwapo maelezo chini ya picha, huyu Mwislamu, yule Mkristo, mpaka unachorwa palepale, na àdúrà iliyo ya wote huwa imekwisha kufutwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kundi la Chrislam la mjini humo, lisomalo Biblia na Kurani katika ibada moja, ni somo rahisi mno kwa kamera. Vitabu viwili juu ya meza moja hutangaza dhamira kama bango. Mtazamaji hana la kutafuta. Kambi mbili zinazogombea waumini wale wale zina uzito zaidi, kwa sababu hakuna aliyekusudia zifanane.

Ingefaa chapa ijayo ya picha kama hizi iweke chini ya kila moja maneno ya Kiyoruba ya wale waliopigwa, kama walivyoyatamka, kabla ya tafsiri yoyote.