Nyumba Iliyogeuka Ala: Albamu ya Mwisho ya CCCP

Wapenzi wa roki ya Italia wakibishana kuhusu albamu bora ya CCCP Fedeli alla linea, kura nyingi huenda kwa ile ya kwanza, ya katikati ya miaka ya 1980: gitaa linalokwaruza juu ya mashine ya ngoma, nyimbo fupi, hasira iliyonyooka. Epica Etica Etnica Pathos, iliyotoka mwaka 1990, hutajwa kama salamu za rambirambi. Bendi iliyojipa jina la Umoja wa Kisovyeti kwa herufi za Kirusi ilivunjika tarehe 3 Oktoba 1990, siku Ujerumani mbili zilipoungana, na tangu hapo albamu hiyo imekuwa ikisomwa kwa kalenda kuliko kusikilizwa kwa masikio. Mimi naona thamani yake haimo katika siasa iliyoizunguka. Imo katika namna ilivyorekodiwa. Uamuzi mmoja wa kiufundi, kuacha studio na kuhamia kwenye nyumba, ndio uliozaa karibu kila kinachosifiwa na kila kinacholaumiwa ndani yake.

Nyumba yenyewe ni Villa Pirondini, jumba la karne ya 18 lililokuwa limeachwa tupu huko Rio Saliceto, kwenye tambarare za mkoa wa Reggio Emilia, nyumbani kwa bendi hiyo. Walioingia humo hawakuwa tena bendi ileile. Mwimbaji Giovanni Lindo Ferretti na mpiga gitaa Massimo Zamboni, waliokutana Berlin mwaka 1981, walikuwa wamekwenda Moscow na Leningrad mwaka 1989 pamoja na Litfiba, bendi ya Florence. Baadaye watatu wa Litfiba walihamia upande wao: Gianni Maroccolo wa besi, Francesco Magnelli wa vinanda, na mpiga ngoma Ringo De Palma. Giorgio Canali, fundi mitambo ambaye pia ni mpiga gitaa, akakamilisha kundi. Kwa maneno mengine, mashine ya ngoma iliyokuwa uti wa mgongo wa CCCP ilimpisha binadamu, na studio ikayapisha makuta matupu.

Mabadiliko hayo mawili yanategemeana kuliko inavyodhaniwa. Mashine ya ngoma haihitaji chumba. Sauti yake hupita kwenye waya hadi kwenye mkanda bila kuugusa ukuta wowote, na ndiyo maana rekodi za mwanzo za CCCP zinasikika kavu, kana kwamba muziki umebandikwa usoni mwa msikilizaji. Ngoma halisi haiwezi kukwepa chumba: kila pigo huenda ukutani, hurudi, na maikrofoni hunasa pigo pamoja na marejeo yake. Studio nyingi za miaka ile zilijitahidi kuyazima marejeo hayo kwa kuta laini, kisha zikaongeza mwangwi wa mitambo mwishoni. Pale Villa Pirondini kazi ilikwenda kinyume: mwangwi ulikuwa wa vyumba vyenyewe. Gharama yake ni kwamba mwangwi wa namna hiyo haufutiki. Ukishaingia kwenye mkanda umeingia, hivyo uamuzi wa nani akae wapi na apige kwa nguvu gani hufanywa wakati wa kupiga, si wakati wa kuchanganya sauti.

Anayefaidika zaidi ni Ferretti. Sauti yake haina masafa mapana. Hutembea kwenye noti chache, karibu na kusema, kama mtu anayevuta uradi. Juu ya mashine ya mwanzo uimbaji huo ulisikika kama kaulimbiu ya maandamano. Ukiupa chumba chenye dari ya juu, noti ileile moja hupata mkia, na mkia huo hukutana na neno linalofuata. Mwimbaji hulazimika kungoja. “Aghia Sophia”, kibao kinachofungua albamu na kubadilika sura mara kadhaa njiani, kisingewezekana kwa mwendo wa miaka ya mwanzo. “Annarella”, kinachoifunga, ni ushahidi mkubwa zaidi: ngoma hazisikiki kabisa, ala ni chache, na bado wimbo haupwayi.

Pingamizi la kwanza ni urefu. Ni santuri mbili, zaidi ya saa nzima, kila upande ukibeba neno moja la jina la albamu. Wapinzani husema mhariri mkali angeipunguza nusu. Nakiri kwamba baadhi ya vipande vya katikati vina utani uliochujuka, lakini kuikata kungeharibu mpango wake. Pande nne zenye majina zinamtaka msikilizaji asimame, ageuze santuri, aanze upya. Kila upande una hewa yake, na nyimbo zinazotofautiana hivyo zingegombana kama zingefuatana bila kituo. Aliyeifahamu kwa diski moja isiyokatika ana haki ya kuchoka. Hata hivyo, wimbo mmojammoja una nguvu ya kusimama peke yake: “Amandoti” uliimbwa upya na Gianna Nannini mwaka 2004, na haukuhitaji jumba wala itikadi kuwafikia watu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hii ni kazi ya watu wa Florence, na kwamba CCCP waliazima ufundi usio wao. Kweli, bila Maroccolo na Magnelli mpangilio huu haupo. Lakini ukilinganisha na Litfiba walikotoka, utasikia wageni hao wakipiga kidogo kuliko walivyozoea. Vinanda vya Magnelli huacha nafasi ambazo zamani vingezijaza, na De Palma, aliyefariki Juni 1990, hupiga kwa kujizuia. Kilichowazuia ni sauti ya Ferretti na chumba chenyewe: penye mwangwi mrefu, anayepiga noti nyingi hujichafulia mwenyewe.

Waliobaki walilijua hilo vizuri kuliko wahakiki. Walipozaliwa upya kama C.S.I., walikwenda tena kwenye nyumba, safari hii Brittany, Ufaransa, kurekodi Ko de mondo ya mwaka 1994. Mwaka huohuo Maroccolo alisimamia utayarishaji wa Catartica ya bendi ya Marlene Kuntz, mojawapo ya nguzo za roki mbadala ya Italia. Mwaka 1997, Tabula Rasa Elettrificata ya C.S.I. ilishika namba moja kwenye chati za nchi hiyo.