Pombe Isiyongoja

Bia ya kiwandani huchujwa, hupashwa moto ili vijidudu vyake vife, kisha hufungiwa ndani ya chupa ikakaa dukani miezi kadhaa bila kubadilika. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga wa Kilimanjaro, haina uwezo huo. Ikiiva leo, kesho bado ni tamu, keshokutwa imeanza kuwa kali, na baada ya hapo ni uchachu mtupu. Wengi huuhesabu udhaifu huo kuwa kasoro. Mimi nauona ndio kiini cha ufundi wenyewe. Pombe isiyoweza kungoja humlazimu anayeipika kuwajua wanywaji wake kabla hajawasha moto.

Nazungumzia mbege inayopikwa nyumbani, kihambani, yaani kwenye shamba la familia, kuanzia Rombo hadi Machame, na hasa ile ambayo marafiki hukutana kuipika kwa sababu tu wanapenda kuipika. Kila Desemba, Wachagga wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hupanda mlima kurudi kwao, safari ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la kwenda kuhesabiwa. Sisi tuliokua pamoja tumejiwekea desturi ya kutumia sehemu ya likizo hiyo jikoni, chini ya usimamizi wa mama mmoja wa jirani ambaye amepika mbege tangu usichana wake. Hatuuzi hata kata moja. Tunapika ili tujue kupika, na ili tupate sababu ya kukaa pamoja siku nyingi kuliko ambavyo sherehe ya jioni moja ingeturuhusu.

Kazi huanza na ndizi. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, ungali kijani, kisha huwekwa mahali penye joto na kufunikwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndizi ya kwanza kuanza kuiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huziamsha jirani zake, hata mkungu wote ukageuka rangi karibu kwa pamoja. Ndani ya ganda, wanga unageuka sukari. Methali husema mvumilivu hula mbivu. Mpishi wa mbege ana subira kupita hiyo, maana mbivu anazo mkononi na bado hazili. Anazimenya, anazitia katika sufuria kubwa au pipa, anaongeza maji na kuzichemsha kwa saa nyingi huku zikikorogwa, mpaka manjano yapotee na rojo liwe jekundu la kahawia, lenye harufu nzito ya sukari iliyopikwa.

Hapo ndipo urafiki unapopata kazi. Mmoja hupasua kuni, mwingine hushika mwiko, wengine humenya za sufuria inayofuata. Mikono ikiwa na shughuli, ulimi hulegea. Mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ameketi mbele ya mwenzake kwenye meza ya baa, huyasema akiwa ameinamia sufuria, macho yakiwa kwenye mvuke. Nimesikia habari za ndoa, za kazi zilizopotea na za mashamba yanayogombaniwa, zikisimuliwa bila haraka, kwa sababu moto ulikuwa haujamaliza kazi yake na hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Upande wa pili wa mbege ni ulezi. Ndizi asili yake ni Asia. Ulezi ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ndizi hujitengenezea sukari kwa kuiva tu, lakini ulezi lazima ushawishiwe. Hulowekwa, hutandazwa mahali penye unyevu na kufunikwa hadi uchipue. Punje inapochipua hutoa vimeng'enya vya kuvunja wanga wake, ikijiandaa kulisha mche. Mpishi huikatiza safari hiyo: huianika juani ikauke, kisha huisaga. Hicho ndicho kimea, kile kile ambacho katika nyumba nyingi hutumika pia kutia utamu kwenye togwa ya watoto. Ukiuanika ulezi mapema, vimeng'enya huwa vichache. Ukichelewa, mche umeshakula sukari uliyoitaka wewe. Mama yetu wa jirani hapimi kwa saa. Hushika punje chache, huangalia urefu wa mizizi, hunusa, kisha huamua. Ufundi wake umo katika uamuzi huo, na sisi tumerudi kwake mwaka baada ya mwaka ili tuuone ukifanyika.

Rojo la ndizi likipoa, huongezwa maji, hufunikwa na kuachwa siku kadhaa. Moto umeua karibu kila kiumbe kilichokuwa ndani yake, kwa hiyo uhai unaoanza sasa unatoka nje: hamira iliyojificha kwenye mbao za pipa, hewani, na katika mabaki ya mapishi yaliyopita. Sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji. Hamira haikutajwa, na wakati huo hakuna aliyejua kuwa ni kiumbe hai. Ilibidi karne zipite ndipo Louis Pasteur, katika kitabu chake cha 1876 kuhusu bia, aeleze kwa kina kazi ya viumbe hao wadogo. Wapishi wa mlimani nao walikuwa wakiitunza hamira yao bila kuiona. Walijua kwamba pipa zuri la pombe ni mali, kwamba halisuguliwi ovyo, na kwamba pombe ya leo inarithi nguvu ya pombe ya jana. Hayo ni maarifa kamili, yaliyopatikana kwa kuangalia, kuonja na kukumbuka.

Mwishoni ndizi huchujwa, machicha hubaki, na maji yake huchanganywa na uji wa kimea uliokwisha kupoa. Wengi hutia pia maji yaliyochemshwa na gome la msesewe, mti ambao uchungu wake hufanya hapa kazi ambayo hopsi hufanya katika bia ya Ulaya: huzuia utamu usichoshe ulimi. Gome hilo halitaki mkono mzito. Likizidi, kazi ya siku zote hizo imepotea. Likitiwa kwa kiasi, baada ya usiku mmoja wa kuumuka unapata kinywaji kizito, chenye chembe za ulezi zinazoelea juu, kitamu mwanzoni, kichachu katikati na kichungu kidogo kinapomalizikia kooni. Hunywewa kwa kata, na kata ikizunguka, kila mtu husubiri zamu yake. Desturi hiyo inaheshimu umri, na pia inapunguza pupa.

Sasa hesabu siku. Kuivisha ndizi, kuchipusha ulezi, kuchemsha, kuchachusha, kuchanganya: yote hayo lazima yakutane siku moja, ile ambayo watu watakuwapo. Kwa hiyo kalenda ya mbege husomwa kinyumenyume. Mahari ikipangwa Jumamosi fulani, ulezi umeshalowekwa siku nyingi kabla. Nadhani ndiyo maana Uchaggani pombe hii ilipewa mambo mazito: kuposa, kuzika, kutambika, na kuomba radhi pamoja na jani la isale, mmea wa upatanisho. Mambo hayo hayafanyiki bila watu kufika. Aliyekukosea akikuletea mbege, amekuletea siku nyingi za kazi yake katika chombo ambacho hakitadumu. Usipoipokea sasa, inaharibika. Msamaha nao una wakati wake.

Mbali na hapa, wengine wamefikia jambo hili la kupika kwa ajili ya watu, si ya soko, kwa njia yao. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Nchini Marekani, marufuku ya pombe ilikwisha mwaka 1933, lakini bia ya nyumbani ilibaki nje ya sheria hadi Rais Jimmy Carter aliposaini mabadiliko mwaka 1978. Mwaka huo huo, Charlie Papazian na mwenzake Charlie Matzen walianzisha chama cha wapishi wa bia wa nyumbani katika mji wa Boulder, Colorado. Sheria ile iliruhusu galoni 100 kwa mwaka, karibu lita 380, kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na mara mbili yake kwa nyumba yenye wawili au zaidi, kwa sharti kwamba isiuzwe. Bia yao huweza kukaa chupani, lakini mpishi aliyezuiwa kuuza amebakiwa na wa kumpa tu. Si ajabu kwamba vilabu vilichipuka kila mahali. Aliyepika anataka mtu wa kumwonjesha, na anataka aambiwe ukweli.

Tukirudi mlimani, kwa akina mama wengi wa Kilimanjaro mbege ni riziki, na ada za shule za watoto wengi zimetoka katika mapipa yao. Sisi tunaopika kwa kupenda tumekopa ufundi wao, na deni hilo lina namna moja tu ya kulipwa: kujifunza vizuri, kuwataja tuliojifunza kwao, na kuwafundisha walio wadogo kwetu. Ujuzi wa kunusa punje na kukadiria gome hauandikiki kwa ukamilifu. Hupita kutoka mkono hadi mkono, kwa watu waliokaa jikoni pamoja. Basi mwenye kihamba, marafiki na mama anayejua kazi asingoje mwaka mwingine. Aulize ndizi zimekomaa lini, ahesabu wageni wake, aloweke ulezi. Kilicho kwenye soko kitamngoja. Marafiki na walimu wetu, kama mbege yenyewe, wana siku zao.