Jiwe Linalia kwa Lugha Gani?

Shosho hakujua Kiingereza. Lakini msalaba wake umeandikwa Kiingereza kitupu, maneno tuliyochagua kwa fundi kwa sababu yalikuwa tayari. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma mawe ya makaburi kama watu wanavyosoma mashairi, na mawili ya Welisi yamekataa kunitoka akilini.

La kwanza limo ukutani mwa kanisa la Llangadwaladr, kijiji cha kisiwa cha Anglesey. Ni la Cadfan, mfalme wa Gwynedd wa mwanzo wa karne ya 7. Maandishi ni Kilatini, hata jina lake limevalishwa suti: Catamanus. Eti ndiye mwenye hekima na sifa kuliko wafalme wote. Wafalme wote, jamani! Na mchongaji mwenyewe amemeza herufi moja katika neno la kusifu hekima hiyo: sapientisimus, badala ya s mbili. Ni maandishi yenye nguvu, mafupi, yanayojiamini. Lakini nikimaliza kuyasoma simjui Cadfan. Naijua tu familia iliyotaka aogopwe hata akiwa amekufa.

La pili liko kanisani Tywyn, pwani ya magharibi. Ni la karne ya 8 au ya 9, na linahesabiwa kuwa na maandishi ya Kiwelisi ya kale zaidi yanayojulikana kwenye jiwe. Herufi ni za Kirumi, ila lugha ni ya nyumbani. Limechongwa pande zote nne. Linamtaja Cun, mke wa Celyn. Halafu yanakuja maneno mawili ambayo baadhi ya wasomi huyafasiri hivi: jeraha limebaki.

Basi. Hakuna cheo, hakuna kujigamba. Wasomi bado wanavutana kuhusu baadhi ya maneno yake, lakini mimi hapo nilishika kichwa. Aliyesema vile alikuwa ameachwa.

Tusidanganyane, Kilatini kina faida yake. Jiwe la Cadfan lingeweza kusomwa na padri yeyote kutoka Roma hadi Ireland, na hadi leo halina ubishi mwingi. La Tywyn limelipia ukaribu wake kwa kuwa gumu kueleweka. Na Cun mwenyewe anatajwa kama mke wa fulani tu. Lugha ya mama haikumwondolea hilo. Hata hivyo, kati ya jiwe linaloeleweka na wote na jiwe linalomlilia mtu, mimi nachagua la pili.

Desemba tunajengea kaburi la Shosho upya. Nimeomba mstari mmoja kwa lugha aliyotuitia chakula. Mjomba anauliza, wageni wataelewa vipi?

Nimemwambia wageni watauliza, na sisi tutawaeleza.