Kamera Iko Kwenye Kochi

Zima sauti ya Say Yes to the Dress, kipindi cha televisheni cha mabibi harusi wanaochagua gauni, kisha hesabu nyuso. Bibi harusi anatoka chumba cha kujaribia, gauni tunaliona kwa sekunde chache tu, halafu kamera inakimbilia kochini, kwa mama, dada, shangazi na rafiki. Mmoja amekunja midomo. Mwingine ameshika shavu. Hapo ndipo kipindi kilipo. Gauni ni jiwe lililotupwa majini, na watengenezaji wanachorekodi ni mawimbi.

Kituo cha TLC cha Marekani kilianza kukionyesha Oktoba 2007, kikirekodiwa Kleinfeld, duka la Manhattan lililoanzia Brooklyn mwaka 1941. Baadaye kituo cha M6 cha Ufaransa nacho kikatoa kipindi cha namna hiyo, La robe de ma vie. Miadi ya mteja mmoja Kleinfeld ni kama dakika 90, lakini kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, hubaki na dakika ishirini na kidogo, tena za kugawana mabibi harusi zaidi ya mmoja. Kwa hiyo karibu kila kitu kimekatwa. Ambalo mara nyingi halikatwi ni swali la mwanzoni: una bajeti ya kiasi gani? Jibu likishatajwa, mhariri hahitaji tena kueleza hatari. Linapoletwa gauni lililovuka kiasi hicho, mtazamaji mwenyewe anashika pumzi.

Kazi ninayoiheshimu zaidi iko mgongoni mwa bibi harusi. Gauni la kujaribia si la kipimo cha mteja. Mara nyingi ni kubwa, linabanwa nyuma kwa vibanio ili mbele likae sawasawa. Akigeuka kwenye kioo utaviona. Gauni atakalovaa siku yenyewe litaagizwa, na litachukua miezi. Basi anasema "ndiyo" kwa kitu ambacho bado hakijashonwa, na televisheni inahitaji mwisho leo. Wanafanyaje? Wanamvika shela na mapambo. Shela haligusi hata mshono mmoja wa gauni, ila linabadilisha uso wa anayejitazama, na mama kochini anaanza kulia. Swali la mwisho, kama anasema "ndiyo" kwa gauni hilo, linaulizwa wakati huo huo, si dakika moja kabla.

Sasa lete kamera hiyo Lubumbashi. Kwetu wengi hukodi robe, yaani gauni la harusi. Zaidi ya hayo, harusi ina mavazi yake kwa hatua: vikwembe vya siku ya mahari, vazi la ndoa ya serikali kwenye komine, robe ya kanisani, na pengine nguo nyingine ya karamu ya usiku. Anayechagua si mmoja. Yupo marraine, yaani msimamizi wa bibi harusi, wapo mama wa pande zote mbili, wapo dada za bwana harusi, na lipo kanisa ambalo pengine halitaki mabega wazi. Ukimwelekezea bibi harusi peke yake lile swali la mwisho la Kleinfeld, atageuka kumtazama marraine, na tukio lote litakufa hapo hapo.

Wala bei haitoshi kuwa mtego. Mtego wa hapa ni tarehe. Robe imempendeza, imemkaa, marraine amekubali, halafu mwenye duka anafungua daftari: Jumamosi ile imeshachukuliwa. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angebuni kitu kizuri kuliko daftari hilo. Na mwisho wake si "ndiyo" ya dukani. Ni siku ya kurudisha, pindo likikaguliwa kama limebeba vumbi jekundu la mji wetu. Hadithi hiyo ina mwanzo, kizuizi na hukumu, na haijarekodiwa kwa uzito inaoustahili.

Kwa hiyo nawaomba wapiga picha za video wa harusi wa Lubumbashi, ninyi mnaofuata cortège, msafara wa harusi, na kurekodi kila kipande cha keki: fikeni pia siku ya kujaribu robe. Ombeni ruhusa ya familia na ya mwenye duka. Wekeni kamera moja kwa bibi harusi. Ya pili, ile nzuri zaidi, ielekezeni kwa mama yake na marraine, na msiizime daftari linapofunguliwa.