Wimbo wa Trente Juin Uliotengenezwa Ugenini

Wimbo ambao mtu wa Bukavu huutafuta kila tarehe 30 Juni, awe nyumbani Kadutu, Bujumbura au Brussels, haukutungwa Kongo. Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, aliutunga Ubelgiji mwanzoni mwa 1960, wakati wa baridi, miezi mitano kabla ya uhuru wenyewe wa Kongo. Kwa maoni yangu ndiyo maana "Indépendance Cha Cha" unamfaa aliye mbali na kwao kuliko hotuba na gwaride. Waliouunda nao walikuwa mbali na kwao, na walitumia kile tu walichoweza kusafiri nacho.

Mkutano wa Table Ronde, ambako Wakongomani na Wabelgiji walijadili uhuru, ulifunguliwa Brussels tarehe 20 Januari. Siku saba baadaye, Patrice Lumumba, kiongozi wa chama cha MNC, akiwa amewasili jana yake tu kutoka gerezani Katanga, tarehe ya uhuru ilikubaliwa: 30 Juni 1960. Thomas Kanza, Mkongomani aliyesoma Louvain na kuijua Brussels, aliona kwamba wajumbe hawawezi kushangilia siku yao kwa muziki wa Wabelgiji. Akaita wanamuziki kutoka Léopoldville.

Walikuja saba, na ufundi ulianza katika uteuzi wao. Kabasele alikuja na watu wa bendi yake, African Jazz: Nico Kasanda kwenye gitaa la solo, kaka yake Déchaud kwenye akompanyema, Roger Izeidi kwenye marakasi, Petit Pierre kwenye ngoma. Lakini Vicky Longomba, aliyeimba pamoja na Kabasele, na Brazzos wa gitaa la besi walitoka OK Jazz, kundi lililokuwa likishindana na African Jazz. Wajumbe walikuwa wameunda front commun mbele ya Wabelgiji, na bendi ikafanya vivyo hivyo jukwaani Hoteli Plaza. Tarumbeta haikuwepo, saksofoni haikuwepo. Kwa kikosi kidogo namna hiyo uzito uliangukia gitaa la Nico, ambalo linafungua wimbo, linajibizana na sauti, kisha linaushika lenyewe waimbaji wanaponyamaza.

Uchaguzi wa cha-cha-cha nao ulikuwa wa busara. Mdundo huo wa Kuba ulikuwa umeshazoeleka Léopoldville kupitia sahani za santuri, na Wazungu nao walikuwa wakiucheza. Kasi yake ni ya wastani: mjumbe mzee aliyevaa suti na viatu vipya anaweza kuucheza bila kuaibika, na kijana haoni kwamba anacheleweshwa. Sherehe ya watu waliokutana ugenini, wa rika na makabila tofauti, inahitaji mdundo wa namna hiyo.

Maneno ndiyo yanayonishangaza zaidi. Kabasele hakueleza uhuru ni nini, hakusimulia mateso, hakutoa ahadi. Sehemu kubwa ya wimbo ni majina. Anawataja Bolikango, Kasa-Vubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Kamitatu. Anataja vyama: Abako, Conakat, MNC, PSA. Waliokuwa wakipingana anawapanga jirani, kama wageni wa harusi wanaokalishwa meza moja ili wasalimiane. Kwa msikilizaji wa Kivu mbinu hii ilikuwa na faida ambayo huenda mtunzi hakuikusudia. Wimbo uko katika Kilingala, ndani yake mna Kikongo na Kifaransa, na Kiswahili hakimo. Lakini jina la mtu na kifupisho cha chama havihitaji mkalimani. Redio ilipourusha, mama wa Bukavu asiyejua Kilingala aliweza kufuata: huyu namjua, yule nimemsikia.

Orodha hiyo lakini ina pengo. CEREA, chama cha Kivu kilichoanzishwa 1958, kilikuwepo Table Ronde, na Anicet Kashamura alikuwa miongoni mwa wajumbe wake. Wimboni hakitajwi. Nadhani Kabasele alitaja waliokuwa wakivuma Léopoldville, na Kivu ilikuwa mbali na masikio yake. Kinaya ni kwamba miezi michache baadaye Kashamura akawa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba, na redio ya taifa ikawa chini yake.

Majina pia huzeeka vibaya. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa hukohuko Katanga. Wimbo unaendelea kuwataja wote wawili kwa sauti ileile ya furaha. Wengine husema hilo linaufanya uwe wa uongo. Mimi sikubali: unahifadhi siku chache ambazo umoja ule ulikuwepo kweli, na Mkongomani aliye nje anahitaji kukumbushwa kwamba uliwahi kuwepo.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, walio nje si wanafunzi na wafanyabiashara tu. Maelfu kwa maelfu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi bila kupanga safari. Huko Trente Juin inafuatwa kesho yake na sikukuu ya wenyeji, maana Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Brussels kuna Matonge, mtaa wa Wakongomani, na pembeni yake uwanja uliopewa jina la Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Aliyekimbilia Burundi hana uwanja wa namna hiyo. Ana simu, na ndani ya simu wimbo.

Kiswahili kiliufikia wimbo huo nusu karne baadaye, na kwa njia ya ugenini tena: Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliutengeneza upya katika albamu yake "Kinshasa Succursale" na kuupa jina la "Siku ya Baadaye". Kazi nzuri, ila Kivu bado inasubiri zamu yake. Wanamuziki wa Bukavu mlioko Bujumbura, Kampala, Nairobi na Brussels, mbinu mnayo: kikosi kidogo, mdundo ambao kila rika linaucheza, na majina. Tungeni wa kwetu, kwa Kiswahili chetu, na mtaje Fizi, Idjwi, Kabare, Kalehe, Mwenga, Shabunda, Uvira na Walungu. Teritwari zote nane za Kivu Kusini, isiachwe hata moja.